Hewa ya Meja Mfaume

1

Vita vilikwisha, makaratasi yakaanza. Nilikaa miaka sita ndani ya mashimo ya Mirihi na redio mgongoni, na katika miaka yote hiyo sikuliogopa bomu kama nilivyoliogopa faili la kijani lililowekwa mezani kwangu Jumatatu ile. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa mkono: Meja Mfaume Lukindo, Kikosi cha Tatu. Marehemu. Hesabu haijafungwa.

Nilijua kwa nini haijafungwa. Nilikuwa mtu pekee aliye hai aliyejua.

Tume ya Malipo ya Maofisa, niliyokuwa karani wake, ilipewa ukumbi wa zamani wa Kampuni, ule ule ambamo zamani tulipangwa foleni kununua maji ya barafu tuliyoichimba wenyewe. Sasa foleni ilikuwa ya makapteni na maluteni, sare zimepauka, kila mmoja kakumbatia bahasha yake. Wakati wa vita serikali ya mapinduzi haikuwa na senti. Kila mwezi ofisa aliandikiwa tu kwamba anadai, na sasa Jamhuri ilikuwa inalipa. Wiki tatu nzima tulizimaliza kwa kugombania mwaka. Mikataba ilitaja nyongeza ya mshahara kila mwaka, haikusema mwaka wa wapi. Serikali ikashikilia mwaka wa hapa Mirihi, ambao ni karibu mara mbili ya ule wa Dunia. Maofisa wakashikilia ule wa Dunia. Watu ambao maisha yao yote hawakuitaja Dunia bila kusonya, ghafla wakawa wanaililia kama kwao. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tukicheka kule chini, tulipokuwa hatuna kitu cha kugombania.

Faili la Meja Mfaume halikuwa na ugomvi wa mwaka. Lilikuwa na shida ya hewa.

Asiyekaa mashimoni huenda hajui. Kule chini hakuna aliyevuta hewa ya bure. Kila barakoa ilikuwa na mpira wake, mpira una mita, na mita ina jina la mtu. Hewa uliyovuta ilikatwa kwenye mshahara wako, uwe ofisa au kuruta. Kwa hiyo Tume ilikuwa na vitabu viwili. Kimoja cha kuitika majina: kila asubuhi jina lako liliitwa redioni, unasema "Nipo", na siku hiyo inaandikwa kuwa umefanya kazi. Cha pili ni cha hewa. Vitabu hivyo viwili sharti vikubaliane ndipo hesabu ifungwe.

Meja Mfaume aliitika jina lake kila asubuhi mpaka siku ya ushindi. Hewa aliacha kuvuta miezi ishirini na sita kabla ya hapo.

Mwenyekiti wa Tume, Kanali Ndimbo, alikuja mwenyewe mezani kwangu. Ni mtu mfupi, mkono wa kushoto umebaki na vidole viwili, vingine vilikwenda na baridi ya Lango la Tatu. Aliweka kidole kimojawapo juu ya safu ya sifuri.

"Sajini Sihaba. Hii nini?"

"Mita, Afande."

"Mita imefanyaje?"

Ndimbo alinitazama, kisha akashusha pumzi.

"Mita za wakati ule zilikuwa takataka, wewe unajua na mimi najua. Andika iliharibika. Mjane alipwe, faili lifungwe, tuwahi mengine. Wewe ulikuwa naye pango moja. Ukiandika wewe, hakuna atakayehoji." Akageuka aende, akarudi. "Alhamisi tunaketi. Mpaka Alhamisi."

Aliposhika njia nilipiga hesabu upya, ingawa nilishaijua kwa moyo. Mjane wa ofisa hupata pensheni ikiwa mumewe alitumikia miaka mitano, na hapo kanuni ilisema wazi: ya Dunia. Kwa kuitika majina, Meja alikuwa na miaka mitano na miezi saba. Kwa hewa, alikuwa na mitatu na miezi mitano. Tofauti hiyo ilikuwa ni chumba cha Bi Mwasiti kule ghorofa za juu, chumba chenye dirisha, na chakula chake mpaka aingie kaburini.

Ilikuwa ni kuandika maneno mawili tu: mita mbovu. Nikaishika kalamu, nikaiweka.

2

Nikisema natamani siku zile, watu hunishangaa. Siitamani vita. Nawatamani wale watu, na nilivyokuwa mimi nikiwa nao.

Pango letu la amri lilikuwa na upana wa hatua nne. Vitanda viwili vya turubai, redio, na jiko dogo la umeme tuliloliiba kwa Kampuni siku ya kwanza ya mapinduzi. Humo niliishi na Meja Mfaume. Mahali pa pango palikuwa siri, askari mia nne wa kikosi walimjua kwa sauti tu, wametawanyika kwenye mashimo yao, kombania hii haijaiona kombania ile tangu vita vianze. Kabla ya mapinduzi alikuwa fundi bomba. Mkubwa wa mwili, anakoroma hadi vumbi linadondoka darini, na chai haimwingii bila unga wa tangawizi aliouficha kwenye soksi. Alikuwa na desturi moja ambayo maofisa wengine waliicheka. Kila asubuhi, akishaitika jina lake, kabla hajatoa amri yoyote, alikuwa akiuliza: "Mmekula?"

Na mashimo yote yanajibu kwa pamoja: "Tumekula, Afande!" Hata siku ambazo hawakula.

Halafu tunaimba. Kombania ya kwanza inaanza mstari, ya pili inaupokea, ya tatu inaumalizia, na Meja anaharibu kila kitu kwa sauti yake ya chura. Jamani, nilikuwa na miaka ishirini na minne. Sijasikia kuimba kama kule tena.

Kila ofisa alivaa naibu kiunoni, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Naibu alijifunza sauti ya bwana wake, maneno yake, namna anavyoamua mambo, ili bwana akilala saa mbili naibu aweze kujibu redio badala yake. Ni hivyo tu, kilikuwa kitu cha kumpa mtu usingizi. Lakini mafundi walijua itafika mahali naibu hatajua bwana wake angesemaje, kwa hiyo kwenye fomu ya kumsajili kulikuwa na swali: Nani anakujua kuliko wote? Naibu akikwama, atamuuliza huyo.

Maofisa wetu, kwa majivuno yao, karibu wote waliandika majina yao wenyewe. Nilizijaza fomu hizo mimi, nikaona. Nani anijue mimi kuliko mimi? Matokeo yake, ofisa alipokufa, naibu wake alibaki akimuuliza maiti, hajibiwi, na siku ya pili anakuwa bubu.

Meja Mfaume peke yake ndiye aliyecheka. "Andika Mwasiti binti Kheri, mke wangu. Mimi mwenyewe sijijui, Sihaba. Mambo yangu yote yeye ndiye anayeyajua kabla yangu."

Alikufa asubuhi, saa kumi na moja na nusu, akikagua mlango wa pango. Kipande cha jiwe kilipita kwenye kioo cha barakoa yake. Hakusema neno, hakuniachia wosia wala nini. Nilimvuta ndani, nikamfunga shuka lake, nikakaa chini pembeni yake. Luteni aliyekuwa amfuate kwa cheo alikuwa ametekwa wiki moja kabla. Jeshi la Kampuni lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kombania ya pili. Nikawasha redio ili niwaambie wenzetu. Saa ya kuitika majina ikawa imefika.

"Meja Mfaume Lukindo."

Kiunoni kwa maiti, chini ya shuka, kidude kikajibu: "Nipo. Mmekula?"

Mia nne wakajibu. Walijibu kwa nguvu kweli siku ile, sijui kwa nini. Mdomo wangu ulikuwa wazi, maneno yapo ulimini, nikaufunga. Nikasema nitawaambia jioni. Jioni nikasema kesho. Hiyo kesho ilichukua miezi ishirini na sita.

Na kila Ijumaa, kwa dakika tano, maofisa waliruhusiwa kuzungumza na nyumbani. Hapo ndipo naibu alipouliza yaliyomkwamisha. Kampuni ilikuwa ikisikiliza laini, kwa hiyo alitengenezwa kuyavisha mambo ya vita nguo za nyumbani. Bi Mwasiti alikuwa na jiko Mji wa Chini akilisha wakimbizi, basi maswali yakawa ya jikoni. Mwasiti, wageni wakija bila taarifa unafanyaje? Mwasiti, sufuria likivuja unaliziba au unahamisha chakula? Alijibu kama mke anavyomjibu mume aliye mbali, kwa kirefu, kwa utani, anamsuta kidogo. Dakika chache baadaye amri inatoka, na ilikuwa amri nzuri, amri ya Mfaume kabisa. Mimi nilikuwa nimeziba kipaza sauti kwa kiganja, nalia.

Mwisho wa vita bomu liliangukia pango letu. Mimi niliokolewa. Nikasema Meja kafa humo, siku ile ile ya ushindi, na mwili niliokuwa nimeuhifadhi kwenye barafu muda wote ule ukazikwa kwa mizinga. Bi Mwasiti akaingia eda.

3

Jumatano, saa mbili asubuhi, alikuja ofisini. Mama mrefu, mkavu, kanga imefungwa kiunoni kana kwamba ameacha kitu motoni. Alikuwa na bakuli la chapati za unga wa mwani, zile za kijani ambazo watoto wa siku hizi hawataki hata kuziona.

"Shikamoo, Bi Mwasiti."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kula kwanza." Akalifunua bakuli, akasubiri nimeze tonge la kwanza. "Nasikia kesho mnaifunga hesabu ya mzee."

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Nimekuja kukuambia kuna mwezi mmoja siutaki. Mwezi wa Lango la Tatu. Hizo hela wagawieni wale wazee wa wale vijana kumi na tisa."

Nikaiweka chapati chini. Nilijua tangu zamani kwamba jambo la Lango la Tatu linamkereketa, ila sikujua ni kwa kiasi gani.

"Bi Mwasiti, vita vina mambo yake…"

"Usiniambie vita. Vita nilivipikia mimi." Aliongea taratibu, bila kupandisha sauti. "Mfaume aliiacha seksheni nzima langoni siku mbili. Walimwita redioni, akawaambia wangoje. Wakangoja mpaka wakafa. Hitima zao kumi na tisa nilizipika kwa mikono hii. Mama zao wakala, wakanishukuru. Mimi, mke wa mtu aliyewaacha watoto wao! Miaka thelathini nilikaa na Mfaume, nilidhani ni mtu wa huruma. Tangu nitoke eda sijakanyaga kaburini kwake. Na sitakanyaga."

Uongo wangu ulikuwa tayari, kalamu ipo, nafasi ya kuandika mita mbovu ipo, na Kanali mwenyewe amenibariki. Nikinyamaza, mama huyu atalala kwenye chumba chenye dirisha mpaka mwisho wake. Lakini Mfaume naye atalala kwenye mawe yale, hatembelewi, kwa amri ambayo hakuitoa. Mfaume aliyekuwa akinigawia tangawizi ya kwenye soksi. Na ili nimsafishe yeye, ilibidi nimwoneshe mkewe ni nani aliyeitoa.

Nilisimama nikafunga mlango.

"Siku ya Lango la Tatu Meja Mfaume alikuwa ameshakufa miezi minane."

Nikamweleza yote. Jiwe, shuka, naibu, fomu. Sikujitetea. Alinisikiliza huku mkono wake unazunguka ukingo wa bakuli, unazunguka, kisha ukasimama.

"Eda nimekaa lini?"

"Baada ya ushindi, mama."

"Miaka miwili baadaye." Aliniangalia kama mtu anayetafuta mahali pa kupiga. "Kila Ijumaa nilikuwa navaa, Sihaba. Unajua hilo? Najipaka na manukato, kwenda kuongea na redio. Mume wangu ameshakufa, mimi najipodoa! Wewe ulikuwepo pale unasikiliza. Ulinipokonya msiba wangu. Nani alikupa ruhusa hiyo?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. Baadaye kidogo, kwa sauti nyingine, akauliza lile nililokuwa naliomba asiulize. "Basi yule aliyewaacha langoni ni nani? Kile kidude?"

Ningeweza kusema ndiyo. Isingekuwa uongo mtupu.

"Kidude kiliuliza," nikasema. "Kilikuwa kinakuuliza wewe."

Akanitaka nimsikilizishe maongezi hayo. Nilikataa, akakaa kitini akasema hataondoka. Rekodi za naibu zilikuwa kwenye faili, kama kanuni ilivyotaka. Niliitafuta ile Ijumaa, nikabonyeza.

Sauti ya Mfaume ikajaa chumba, nzito, ya upole. "Mwasiti, hebu niambie. Unga ni mchache. Wagonjwa wapo, wageni wamejaa, na wapishi nao wana njaa tangu jana. Unaanza na nani?"

Kisha sauti ya mwanamke, changa kuliko niliyoizoea: "Swali gani hilo, mume wangu? Wagonjwa kwanza, halafu wageni. Mpishi anakula mwisho. Kikiisha, kimeisha, atakunywa maji alale." Na akacheka, kicheko kirefu kizuri cha mtu aliyefurahi kuulizwa. "Kwani hata huko mna wageni?"

Chini ya rekodi mashine ilikuwa imeandika saa, na amri iliyotoka sekunde arobaini baadaye: Seksheni ya Luteni Ndimbo ibaki langoni mpaka majeruhi na raia wote wapite.

Walipita mia tatu na kumi na mbili. Walinzi wa lango walikuwa ishirini.

Bi Mwasiti hakulia. Alinyoosha mkono akaizima mashine mwenyewe. Kisha akanyanyuka, akakaza kanga, akaenda mlangoni bila kuniaga. Bakuli aliliacha mezani, na mimi siku nzima sikuweza kuligusa.

4

Alhamisi ukumbi ulijaa. Meja Mfaume alikuwa na jina, na maofisa waliokuwa kwenye foleni waliingia kusikiliza hesabu yake, wengine wakiwa wamevaa nishani. Bi Mwasiti alikuwa ameketi mstari wa mbele.

"Kuhusu mita," alisema Kanali Ndimbo akinitazama kwa jicho la kunisaidia, "Sajini Sihaba ana maelezo mafupi."

Nikasimama. "Mita haikuharibika, Afande. Meja alifariki."

Maelezo hayakuwa mafupi. Nilisema kila kitu mpaka Lango la Tatu. Hapo nikakwama, nikamtazama Bi Mwasiti, naye akanitikisia kichwa niendelee. Nikaendelea. Nilisoma swali, nikasoma jibu, nikasoma amri. Nyuma kuna mtu alisema "Astaghfirullah," na maofisa mia moja, waliokuwa wakipiga kelele za nyongeza ya mshahara wiki iliyopita tu, wakaanza kuvua kofia.

Ndimbo hakuwa ananitazama tena. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeshika ukingo wa meza. Kati ya wale ishirini, aliyetoka hai alikuwa yeye.

"Kosa lako lina faili lake, Sajini," alisema hatimaye. "Litafika zamu yake. Kaa."

Nikakaa.

"Bi Mwasiti. Naomba usimame, kama hutojali."

Akasimama.

"Nilikaa pale langoni siku mbili," Ndimbo akasema. Hakuwa anaongea kama mwenyekiti. "Kila saa namwita Meja. Afande, tutoke? Ananiambia, ngoja, bado watu wanapita. Vijana wangu wanaganda mmoja mmoja. Msuya ndiye aliyekuwa wa mwisho, alikuwa amenilalia begani. Miaka yote hii nimejiambia Meja alijua alichokifanya. Hilo ndilo lililonifanya niweze kulala. Leo naambiwa lilikuwa swali la unga."

"Ndiyo, baba," alisema Bi Mwasiti.

"Nataka kukuuliza, na ukitaka usinijibu. Ungejua kwamba ni sisi. Ungeambiwa wazi, si unga, ni watu, Ndimbo na vijana kumi na tisa. Ungesema nini?"

Nilitaka kuinuka nipinge. Hakuna sheria ya Tume inayoruhusu swali la namna ile. Lakini Bi Mwasiti alikuwa ameshakunja mikono kifuani, anafikiri, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Waliopita walikuwa wangapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili."

"Na watoto wamo?"

"Wengi."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayekubaliana na mtu asiyeonekana.

"Basi ningesema hivyohivyo," akasema. "Nimekesha nikijaribu kuligeuza, baba, halikugeuka. Ningesema hivyohivyo. Ila nisingecheka."

Nikaanza kulia mbele za watu wote wale, wala sikuona aibu.

Kanali Ndimbo alifumba macho. Alipoyafumbua alivuta kitabu cha Tume akakisogeza kwangu.

"Andika, Sajini. Hesabu ya Meja Mfaume Lukindo imefungwa siku aliyoacha kuvuta hewa. Utumishi, miaka mitatu na miezi mitano. Pensheni hakuna." Akaniashiria ukurasa mpya. "Fungua hesabu nyingine. Kuanzia siku hiyo mpaka ushindi, miezi ishirini na sita, Kikosi cha Tatu kiliongozwa na Mwasiti binti Kheri. Cheo, meja. Nilikuwa chini yake, nashuhudia mwenyewe. Alipwe mshahara wa cheo hicho, na hewa ikatwe kama ya ofisa mwingine yeyote."

Luteni mmoja mstari wa nyuma akainuka kutaka kusema kitu kuhusu kanuni. Wenzake wakamvuta shati akakaa.

Nilipiga hesabu hapo hapo. Mshahara wa miezi ishirini na sita ungemlipia chumba chake chenye dirisha kwa miaka minne, labda mitano akijibana. Baada ya hapo angerudi Mji wa Chini. Nilimwambia kwa sauti ndogo ili ajue anachotia sahihi. Akasema ameelewa, na kwamba jikoni kule chini anapajua.

Fomu ya kufunga hesabu ya ofisa ina nafasi mbili chini kabisa. Ya kwanza imeandikwa Anadai, ya pili Anadaiwa. Maofisa wengi huijaza ile ya kwanza mpaka pembeni mwa karatasi, na ya pili hupiga mstari. Bi Mwasiti aliivuta fomu karibu na macho, akaisoma yote, hata maandishi madogo. Kwenye Anadai alipiga mstari. Kisha akaomba kiti, akaketi, akaanza kuandika kwenye ile ya pili kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Msuya. Kipara. Abedi wa mama Salma. Mapacha wa Kwa Mshihiri, kila mmoja kwa jina lake.

Niliifungua orodha ya waliokufa nimsaidie. Hakuihitaji. Alipofika jina la kumi nafasi ikaisha, Kanali akampa karatasi yake mwenyewe, akasimama nyuma yake akisoma. Foleni ilikuwa imefika mpaka nje ya mlango mkubwa. Ndimbo akanituma nikawaambie maofisa wangoje.